CHOKAA SI KITU KIMOJA
Somo kwa Makatibu, Wajumbe wa Kamati na Wanachama



Katika vitabu vya hesabu vya vyama vyetu vya msingi neno "chokaa" huonekana mara kwa mara, na aghalabu limeandikwa peke yake. "Chokaa mifuko 80." "Chokaa ya ghala." Mkaguzi asomaye maneno hayo hawezi kujua kama chama kilinunua dawa ya udongo wa shambani, au kifungio cha kujengea, au rangi ya kupaka ukutani. Vitu hivyo vyote ni unga mweupe, vyote huuzwa kwa mifuko, na vyote vina asili moja. Hata hivyo kimoja hakiwezi kufanya kazi ya kingine, na chama kisichojua tofauti hiyo hupoteza fedha.

Miaka michache iliyopita nilikagua chama kimoja cha mazao, ambacho sitakitaja, kilichokuwa kimejenga ghala kwa makato ya wanachama wenyewe. Matofali yalikuwa mazuri na paa lilikuwa imara. Lakini lipu ya nje, iliyopigwa kabla ya mvua za masika, ilikuwa ikibanduka kwa kidole. Ukiipangusa kwa kiganja, kiganja kilijaa mchanga. Kamati ilikuwa imekwisha amua kwamba fundi aliiba saruji, na malipo yake ya mwisho yalizuiwa. Fundi, mtu mzima mwenye sifa njema katika kata ile, aliniapia kwamba alichanganya kama desturi: sehemu moja ya saruji, sehemu mbili za chokaa, na sehemu tisa za mchanga. Mchanganyiko huo ni halali kabisa na unajulikana kwa mafundi wote.

Niliomba nioneshwe mfuko wowote wa chokaa uliosalia. Nikachukua unga kiasi cha kijiko, nikaukamulia ndimu. Ukatoa povu jingi. Hapo nikajua kwamba fundi hana hatia. Sababu yake ndiyo nitakayoieleza katika somo hili.

Jiwe lenyewe

Jiwe la chokaa ni madini ambayo wataalamu huyaita kalisi kaboneti. Ndani yake mna kalisi, kaboni na oksijeni. Madini haya yamo katika vitu vingi tuvijuavyo: matumbawe ya baharini, makombe na konokono, marumaru, na ganda la yai la kuku, ambalo karibu lote ni kalisi kaboneti. Sehemu kubwa ya mawe ya chokaa yaliyoko nchi kavu ilitokana na viumbe wa bahari za kale, ambao maganda na mifupa yao ilirundikana chini ya maji, ikakandamizwa kwa muda mrefu mno hata ikawa mwamba.

Jiwe hili si gumu sana. Katika kipimo cha ugumu wa madini chenye ngazi 10, ambamo almasi ni ya kumi, madini haya hushika ngazi ya tatu. Kucha haiwezi kuyakwaruza, lakini kisu cha chuma huyakwaruza bila shida. Kwa sababu hiyo jiwe la chokaa huchongeka na kusagika kwa gharama ndogo kuliko mawe mengi, nalo ni jambo kubwa kwa kiwanda. Uzito wake ni mara 2.7 ya maji, yaani mita moja ya ujazo ya jiwe lisilo na matundu ina uzito wa takriban tani 2.7. Matumbawe yenye vitundu ni mepesi zaidi na nguvu yake ni ndogo zaidi, basi asiwepo wa kudhani kwamba mawe yote ya chokaa yana nguvu sawa. Kama mawe mengine, jiwe hili hustahimili kukandamizwa lakini halistahimili kuvutwa wala kupindwa.

Maji safi huliyeyusha kidogo sana. Maji ya mvua, yakisha kuchukua hewa ya kaboni dayoksaidi angani na katika udongo, huliyeyusha zaidi. Mapango ya Amboni karibu na Tanga yalichimbwa na maji ya namna hiyo katika mwamba wa chokaa. Maji hayo yakichemshwa, chokaa hurudi kuwa jiwe. Ukoko mweupe tunaouona ndani ya birika, na ule unaoziba mabomba ya mitambo ya mvuke, ni kalisi kaboneti.

Adui mkubwa wa jiwe hili ni asidi. Siki, ndimu, maziwa yaliyochacha, na maji ya kahawa iliyochachuka, vyote hulila taratibu huku vikitoa mapovu ya hewa. Vyama vyenye mitambo ya kumenya kahawa vinajua jinsi sakafu na kuta za matangi ya kuchachushia zinavyochakaa na kubakiza kokoto tupu. Saruji nayo ina kalisi nyingi ndani yake, na asidi ya ute wa kahawa huila kila msimu. Basi matangi yasafishwe kwa maji mengi mara kahawa inapotolewa, wala maji ya kahawa yasiachwe humo hadi kesho yake.

Moto, maji na hewa

Sasa tufike penye kiini cha jambo. Jiwe la chokaa likichomwa hadi joto la nyuzi 900 hivi za Selsiasi, hutoa hewa ya kaboni dayoksaidi na kubakiza kitu kingine kabisa. Kilo 100 za jiwe safi hutoa hewa kilo 44 na kubakiza kilo 56 za chokaa kali, yaani chokaa isiyozimwa. Mawe hayo yaliyochomwa yakitiwa maji huvimba, hupasuka na kufuka mvuke kwa joto. Kilo zile 56 hunywa maji kilo 18 na kuwa kilo 74 za unga laini, ambao ndio chokaa iliyozimwa. Unga huo ukikorogwa na maji na mchanga, ukapigwa ukutani, huanza kuvuta ile hewa iliyopotea tanurini. Hurudisha kilo 44 za hewa, huachia kilo 18 za maji, na mwisho wake ni kilo 100 za jiwe kama lile la mwanzo.

Lipu ya chokaa hushika kwa sababu inarudi kuwa jiwe papo hapo ukutani, na katika kurudi huko huzifunga chembe za mchanga. Kazi hiyo ni ya polepole. Huanza nje na kuingia ndani kwa miezi na hata miaka, na huhitaji unyevu kidogo. Lipu ikikaushwa na jua kali siku ile ile haipati nafasi ya kushika. Ndiyo maana mafundi wa zamani walitundika magunia yaliyoloweshwa, na ndiyo maana waliitunza chokaa iliyozimwa chini ya maji kwa miezi mingi, kwa kuwa ikikaa hivyo huzidi kulainika.

Tuurudie mfuko wa ghala lile. Unga ule uliotoa povu ulikuwa jiwe la chokaa lililosagwa tu, ambalo halijapata kuingia tanurini. Jiwe lililosagwa halina deni la hewa, halivuti kitu, halishiki kitu. Ni mchanga mweupe. Fundi alidhani ana sehemu tatu za kifungio kwa sehemu tisa za mchanga. Kwa kweli alikuwa na sehemu moja ya saruji kwa sehemu kumi na moja za unga na mchanga. Hakuna fundi duniani awezaye kusimamisha lipu ya nje kwa mchanganyiko huo.

Unga wenyewe haukuwa mbovu. Ulikuwa chokaa nzuri ya shambani, na laiti ungemwagwa katika mashamba ya wanachama ungewafaa. Muuzaji alipoulizwa alionesha hati ya kuagizia, iliyoandikwa "chokaa", na hati ya kupokelea, iliyotiwa sahihi na katibu, "chokaa". Kwa karatasi hizo hakuwa amevunja mkataba. Ilinibidi kuandika hasara ile katika taarifa ya ukaguzi, pamoja na gharama ya kubandua na kupiga lipu upya, na kushauri kwamba fundi alipwe haki yake. Alilipwa, ingawa baada ya mkutano mkuu wenye maneno mengi.

Chokaa ya pwani

Wenzetu wa pwani wamejua kazi hii kwa karne nyingi. Misikiti na majumba ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yalijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Husuni Kubwa ya Kilwa ni ya mwanzoni mwa karne ya 14, na kuta zake zingali zinaonekana. Kwa kuta walitumia mawe magumu yaliyochimbwa nchi kavu. Kwa mihirabu na miimo yenye nakshi walitumia matumbawe laini yaliyokatwa baharini yakiwa mabichi, kwa kuwa huchongeka kama mti kabla hayajakauka na kuwa magumu. Tanuri lao lilikuwa rundo la magogo yaliyopangwa kwa mviringo, mawe yakarundikwa juu yake, kisha moto ukawashwa. Chokaa iliyopatikana ilijenga miji, na kiasi kidogo, kama wazee wanavyokumbuka, kiliingia katika tambuu.

Namna hiyo ya uchomaji ina gharama mbili ambazo hazionekani katika ankara. Hula kuni nyingi mno kwa chokaa kidogo, na pale ambapo matumbawe hai huvunjwa baharini kwa ajili ya tanuri, samaki hupoteza maskani na mawimbi hupata njia ya kufika ufukoni. Matumbawe hukua polepole sana. Hifadhi ya Bahari ya Mafia ilianzishwa mwaka 1995, na uvunjaji wa matumbawe kwa ajili ya chokaa ulikuwa mojawapo ya madhara yaliyojulikana katika visiwa vile. Chama kinachonunua chokaa pwani kiulize mawe yalitoka wapi: machimbo ya nchi kavu au baharini.

Kazi za viwandani

Saruji ndiyo mlaji mkubwa. Joseph Aspdin wa Uingereza alipata hataza ya saruji aliyoiita ya Portland mwaka 1824. Siku hizi jiwe la chokaa husagwa pamoja na udongo wa mfinyanzi, na mchanganyiko huchomwa katika tanuri refu linalozunguka hadi nyuzi 1,450 hivi. Hutoka vidonge vigumu vya rangi ya kijivu, ambavyo husagwa tena pamoja na jasi kidogo. Tani moja ya vidonge hivyo huhitaji takriban tani moja na nusu ya jiwe. Kwa kuwa jiwe ni zito na husafirishwa kwa gharama, viwanda hujengwa juu ya jiwe lenyewe: Wazo Hill karibu na Dar es Salaam, kilichoanza kutoa saruji mwaka 1966, Pongwe kule Tanga, Songwe kule Mbeya, Bamburi kule Mombasa, Tororo na Hima nchini Uganda. Huko Bamburi machimbo yaliyoachwa wazi yalianza kupandwa mivinje mwaka 1971, na leo ni msitu.

Hapa Katibu ajifunze kusoma mfuko. Namba 32.5 au 42.5 ni nguvu ya saruji baada ya siku 28, kwa niutoni katika kila milimita ya mraba. Herufi L ikifuata namba ya Kirumi II maana yake saruji hiyo imechanganywa na jiwe la chokaa lililosagwa: A-L ni asilimia 6 hadi 20, na B-L ni asilimia 21 hadi 35. Huo si udanganyifu. Ni aina halali na hufaa kwa lipu na kujengea matofali. Lakini kwa nguzo na mihimili, mhandisi akitaja aina fulani katika mchoro, aina hiyo ndiyo inunuliwe.

Kazi nyingine nazitaja kwa haraka. Katika matanuri ya kuyeyushia chuma jiwe la chokaa huungana na uchafu wa madini na kuutoa nje kama mavi ya chuma. Kioo hutengenezwa kwa mchanga, magadi na jiwe la chokaa. Unga wake laini hujaza karatasi, rangi, mpira, mabomba ya plastiki na dawa ya meno, kwa sababu ni mweupe, hauna sumu na ni rahisi. Viwanda vya sukari hutia chokaa iliyozimwa katika maji ya miwa ili kuondoa uchafu na asidi. Watengeneza ngozi huitumia kulegeza manyoya. Na mitambo ya maji huitumia kupunguza ukali wa maji. Chaki ya ubaoni, ambayo wengi wangeitaja kwanza, mara nyingi ni jasi na haitoi povu ukiidondoshea ndimu.

Iko hatari moja kwa wajengao karibu na bahari. Nondo ndani ya zege hulindwa na ukali wa kialikali wa saruji. Hewa ikiingia polepole hugeuza ukali huo kuwa kalisi kaboneti, na kinga ikifika mwisho nondo huanza kushika kutu. Mchanga na matumbawe yenye chumvi huharakisha kutu hiyo mara nyingi. Basi zege la nguzo lisitiwe kokoto za matumbawe yasiyooshwa wala mchanga wa ufukoni, na nondo zifunikwe kwa unene ulioandikwa katika mchoro.

Shambani

Kwa mashamba yenye udongo mchachu, jiwe lililosagwa ndilo linalofaa, tena bila kuchomwa. Mbolea ya salfeti ya amonia huongeza uchachu: kila kilo 100 zake huhitaji kiasi cha kilo 110 za kalisi kaboneti ili kuurudisha udongo pale ulipokuwa. Vyama vya kahawa vilivyotumia mbolea hiyo miaka mingi vione jambo hili. Chokaa isitiwe pamoja na mbolea za amonia siku moja, kwani amonia hupotea hewani. Wala isitiwe katika chai, ambayo hupenda udongo mchachu. Kabla ya kuagiza, udongo upimwe.

Kwa upande wa bei, Katibu atumie hesabu niliyotoa juu. Kazi ya kilo 50 za jiwe safi lililosagwa hufanywa na kilo 37 za chokaa iliyozimwa au kilo 28 za chokaa kali. Muuzaji akileta bei tatu, zilinganishwe kwa vipimo hivyo, na ulaini uangaliwe, kwani chembe kubwa kama mchanga hukaa udongoni miaka mingi bila kufanya kazi.

Kuagiza, kupokea na kupima

Hati ya kuagizia isiandikwe "chokaa" tena. Iandikwe mojawapo ya haya matatu: "jiwe la chokaa lililosagwa, la shambani", "chokaa iliyozimwa, ya kujengea", au "chokaa kali, isiyozimwa". Uzito wa mfuko uandikwe, kwa sababu mifuko ya kilo 25 na ya kilo 50 huchanganywa kwa urahisi katika ankara.

Mzigo ukifika, kabla ya sahihi, mifuko mitatu au minne ya mahali mbalimbali ifunguliwe. Kwanza chukua unga kijiko kimoja katika bati, udondoshee maji kidogo ukiwa umesimama mbali. Ukipata joto na kuvimba, ni chokaa kali. Usipopata joto, chukua unga mwingine mkavu, uukamulie ndimu au siki kali. Ukitoa povu jingi, ni jiwe lililosagwa. Usipotoa povu, au ukitoa kidogo tu, ni chokaa iliyozimwa. Povu la kiasi katika chokaa ya kujengea maana yake mfuko ulikaa wazi na umeanza kuvuta hewa na kurudi kuwa jiwe. Nguvu yake imepungua, na bei yake ijadiliwe upya au mfuko urudishwe. Ukiwa na shaka, koroga unga katika maji, uache utuame, umimine maji maangavu katika glasi na kuyapulizia pumzi kwa mrija bila kuyanyonya. Maji ya chokaa iliyozimwa hugeuka meupe kama maziwa. Ya jiwe lililosagwa hubaki vile vile. Hayo maziwa ni kalisi kaboneti iliyozaliwa kwa pumzi yako.

Matokeo yaandikwe katika hati ya kupokelea, na kiasi cha glasi moja ya unga kitunzwe katika chupa iliyofungwa vizuri yenye tarehe na jina la muuzaji. Chupa hiyo ikae ofisini hadi jengo lipite masika moja.

Chokaa iliyozimwa ipangwe juu ya mbao, mbali na ukuta, na itumike kwa mpangilio wa kuingia kwake. Chokaa kali isiwekwe kamwe katika ghala lenye pamba, magunia au paa linalovuja. Ikilowa hupasua mifuko na joto lake laweza kuwasha moto. Wanaoizima wavae miwani ya kukinga macho na glavu, na chokaa itiwe katika maji mengi kidogo kidogo, si maji machache kumwagwa juu ya rundo. Unga ukimwangukia mtu mwilini upanguswe kwanza ungali mkavu, kisha aoshwe kwa maji mengi. Ukiingia jichoni, jicho lisifikichwe. Lioshwe mara moja kwa maji safi yanayotiririka kwa muda usiopungua dakika 20, na mgonjwa apelekwe zahanati siku hiyo hiyo hata kama maumivu yamepungua.